Daftari za Gredi ya Kwanza zisiishie kwa muuza njugu

Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja ya mwezi wa Desemba, nilinunua njugu za shilingi 20 katika stendi ya magari ya Kisumu nikingoja matatu ya kuelekea Ahero. Muuzaji alizimimina ndani ya kikaratasi kilichoviringwa kama pia, akanikabidhi, nami nikaanza kutafuna huku nikitazama wapita njia. Njugu zilipokwisha nilikikunjua kile kikaratasi, kwa kuwa mwalimu haoni maandishi akayaacha yapite bila kuyasoma, nikakuta ndani yake mwandiko wangu mwenyewe. Ilikuwa imla ya maneno kumi yenye alama sita, na chini yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Vizuri, sasa unaisikia z." Jina la mwanafunzi halikuwapo kwenye ukurasa ule, lakini nilimtambua mara moja kwa mkia mrefu aliouweka kwenye kila herufi ya g, kana kwamba alikuwa akichora ng'ombe.

Sikumlaumu muuza njugu, wala sikumlaumu yeyote aliyempa zile karatasi, kwa sababu karatasi kuukuu nayo ni mali na kila nyumba ina mahitaji yake. Niliyemlaumu ni mimi. Mwaka ule, kama miaka yote iliyoutangulia, nilikuwa nimewapa wazazi ripoti mkononi na kuwaeleza kila mstari wake, kisha daftari nikazirundika mikobani mwa watoto bila kusema neno. Mzazi aliondoka akijua kwamba ripoti huhifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa, na kwamba daftari ni za kuwashia jiko. Tangu jioni hiyo nimebadilisha namna ninavyotoa habari za mwisho wa mwaka. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia wazazi wa darasa langu siku ya kufunga shule, pamoja na mengine ambayo siku hiyo huwa hatupati muda wa kuyazungumza.

Swali la kwanza siku hiyo halijabadilika tangu nilipoajiriwa: "Mwalimu, amekuwa namba ngapi?" Nilipoanza kazi tulikuwa bado na darasa la kwanza la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, na jibu lilikuwapo, mzazi wa namba 3 alitoka akitabasamu, na mzazi wa namba 47 alitoka akimvuta mtoto kwa mkono. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, kuanzia madarasa ya chekechea hadi Gredi ya Tatu, namba ziliondoka na mahali pake tukapewa viwango vinne, yaani mtoto amezidi matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko mbali nayo. Mimi naona viwango hivi ni bora kuliko namba, ila vina upungufu ambao mzazi anapaswa kuujua. Mtoto aliyeingia Januari asiyejua kushika penseli, akamaliza mwaka akiandika jina lake na sentensi fupi, anaweza kuandikiwa "anakaribia matarajio". Mwenzake aliyekuja akisoma tayari, akakaa mwaka mzima bila kusogea, naye anaweza kuandikiwa hayo hayo. Ripoti haiwezi kuwatenganisha wawili hawa. Daftari zao zinawatenganisha kwa kurasa mbili tu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba, kabla ripoti haijajadiliwa nyumbani, mzazi akae na mtoto wake mahali penye mwanga, achukue daftari ya Kiswahili, na aufungue ukurasa wa kwanza wa Januari na ule wa mwisho wa Oktoba. Asihesabu tiki na makosa, kwa maana hiyo ni kazi yangu na nimekwisha kuifanya. Atazame ukubwa wa herufi, ambazo mwanzoni hujaza mistari miwili na baadaye hutulia katika mmoja. Atazame kama maneno yameachana au yameshikana kama abiria wa matatu ya asubuhi. Atazame pia matundu ya kifutio. Wazazi wengi huyachukia matundu hayo, na wapo wanaomgombeza mtoto kwa uchafu, ilhali kwangu tundu la kifutio ni mojawapo ya habari njema kabisa katika daftari: linaonyesha mahali ambapo mtoto aliandika, akasoma alichokiandika, akagundua mwenyewe kwamba si sawa. Daftari safi mno ya mtoto wa miaka sita hunitia shaka, kwa kuwa mara nyingi ni ya mtoto anayenakili kwa jirani.

Hapa Kisumu liko jambo moja la kutafutwa katika kurasa za imla, nalo ndilo lililokuwa kwenye karatasi yangu ya njugu. Dholuo, lugha ya Waluo, haina sauti ya z, wala v, wala sh. Mtoto aliyelelewa kwa Dholuo huisikia sauti iliyo karibu zaidi katika lugha yake na kuiandika hiyo, ndiyo sababu kurasa za muhula wa kwanza zimejaa "mbusi", "fiatu" na "sati". Nimewaona wazazi wakicheka, na nimemsikia baba mmoja akimwambia mwanawe mbele ya darasa kwamba ameaibisha boma. Huo si ujinga, wala si uvivu. Ni sikio lililofunzwa lugha moja kwa miaka sita, sasa linafunzwa nyingine. Darasani nilipata njia isiyogharimu chochote: mtoto aweke kidole gumba kooni, atamke s ndefu, kisha z ndefu. Ulimi unakaa mahali pale pale kwa sauti zote mbili. Tofauti ni kwamba kwa z koo hutetemeka na kidole huuhisi mtetemo huo, na kwa s koo hutulia. Ndivyo ilivyo pia kwa f na v. Mtoto akishaihisi tofauti kwa kidole, sikio huifuata baada ya wiki chache, na mkono huja mwisho. Ukifuatilia imla kwa mpangilio wa tarehe utaiona safari hiyo yote: "mbusi" ya Februari, kisha "mbusi" ambayo s yake imefutwa hadi karatasi ikatoboka, kisha "mbuzi" ya Septemba. Yuko pia mtoto atakayekuandikia "zamaki" na "zukari" kwa miezi miwili, kwa sababu ameipenda herufi mpya. Hiyo hupita yenyewe.

Kuhusu b na d zinazogeuzwa, na tarakimu zinazotazama upande usio wao, wazazi wasiwe na wasiwasi katika umri huu. Watoto wengi hugeuza herufi hadi kufikia miaka saba hivi. Ikiwa bado zinageuka mwishoni mwa Gredi ya Pili, hapo tutazungumza.

Daftari ya Hisabati ina fumbo lake. Wapo watoto wanaoandika 31 wakitakiwa kuandika 13, na 51 badala ya 15, na mzazi hudhani kwamba mtoto hajui kuhesabu. Kabla ya kudhani hivyo, mwambie aisome namba hiyo kwa Kiswahili. "Kumi na tatu" huanza na kumi, na Dholuo husema vivyo hivyo, apar gadek, kumi kwanza na tatu baadaye, sawasawa na tarakimu zinavyopangwa kwenye karatasi. Kiingereza ndicho kinachotanguliza tatu katika neno hilo, na mtoto mtiifu huandika kile alichokisikia kwanza. Ninawasihi wazazi, hasa wale wanaoona fahari mtoto akihesabu kwa Kiingereza mbele ya wageni, wamwache ahesabu kwa lugha anayoielewa mpaka makumi na mamoja yakae mahali pake. Mwaka huu tumehesabu hadi 100, tumejumlisha na kutoa namba ndogo, na tumejifunza sarafu na noti hadi ya shilingi 100. Kwa hiyo mtoto anayetumwa dukani na shilingi 50 kununua sukuma wiki ya 20, akarudi na chenji na kueleza kwa nini ni 30, amefanya mazoezi ya kutosha kwa siku hiyo. Mwache pia apime mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, na ahesabu zimejaa ngapi, kwa sababu hata darasani tulipojifunza ujazo tulipima kwa vikombe na mikebe.

Sasa nije kwenye tarehe. Kila ukurasa una tarehe juu, na mzazi akizipitia ataona mahali ambapo zimeruka. Sisi wa ukanda wa Ziwa Victoria tunaijua malaria kuliko sehemu nyingine za nchi, na baada ya mvua za masika darasa langu hupungua kila mwaka. Mtoto anayekosa siku nane mwezi wa Juni hakosi siku nane za jumla jumla. Anakosa jambo fulani lililofundishwa siku hizo. Mwaka huu wiki mbili za mwezi huo zilikuwa za silabi zenye sauti mbili mwanzoni, yaani mba, nda, nja na zile za aina hiyo. Mtoto ambaye tarehe zake zimeruka hapo husoma "baba" na "kalamu" bila shida, kisha anakwama kwenye "mbegu" na "ndizi", na mzazi anaanza kusema kwamba mtoto amerudi nyuma. Hajarudi nyuma. Pana shimo mahali fulani, daftari inaonyesha ni wapi, na likizo inatosha kulijaza. Nitamwandikia kila mzazi mashimo hayo kwenye jalada la ndani, kwa penseli, ili yafutwe yakishajazwa.

Lipo jambo ambalo ningependa kulipita, lakini haki hainiruhusu. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma kwa sababu alikuwa mrefu, mpole, asiyesumbua. Katika daftari yake nilikuwa nikiandika "Jitahidi" karibu kila siku, na kuna siku niliandika "Acha uvivu", maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Mwishoni mwa mwaka mama yake aliniomba tuipitie daftari pamoja, na yeye, ambaye alisoma hadi darasa la tano tu, ndiye aliyeniuliza: "Mwalimu, mbona siku nyingine mtoto wangu anaandika vizuri na siku nyingine ni kama anaandika gizani?" Tuliketi tukazitenganisha siku hizo. Kurasa nzuri zilikuwa zile alizonakili kutoka kitabuni, kikiwa mbele yake kwenye dawati. Kurasa mbovu, zenye maneno yaliyokatika na mistari iliyorukwa, zilikuwa zile alizonakili kutoka ubaoni. Mtoto alikuwa haoni ubao. Alipimwa macho likizo hiyo, akapata miwani, na mwaka uliofuata mwalimu wake wa Gredi ya Pili hakuamini nilipomweleza habari za mwaka uliotangulia. Ningeweza kuligundua jambo hilo mwezi wa Machi kama ningezitazama kurasa zake kwa macho ya kutafuta, si kwa macho ya kusahihisha tu.

Basi mzazi afanye kama mama yule. Alinganishe kazi iliyonakiliwa kutoka ubaoni na ile iliyotoka kitabuni. Katika daftari za darasa langu siku hizi naweka alama ndogo ya U pembeni pa kazi ya ubaoni ili asipate taabu ya kukisia. Tofauti ikiwa kubwa, ampeleke mtoto akapimwe macho kabla ya Januari. Na ikiwa shida iko katika imla peke yake, hali kunakili kunakwenda vizuri, amwulize daktari kuhusu masikio, hasa kama mtoto amewahi kutokwa na usaha sikioni. Watoto wa umri huu hawasemi kwamba hawaoni au hawasikii, kwa sababu hawajui kwamba wengine wanaona na kusikia zaidi yao.

Maswali mawili huja kila mwaka, nami nayajibu kwa ufupi. La kwanza ni la kumrudisha mtoto Gredi ya Kwanza kwa sababu "hajaiva". Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haituruhusu kumshikilia mtoto darasani, na hata kama ingeturuhusu, mtoto aliyekwama kwenye silabi za mwezi wa Juni hahitaji kurudia mwaka mzima ili azipate. La pili ni la masomo ya ziada ya likizo, yale tunayoyaita tuisheni. Sheria hiyo hiyo inayakataza, na naomba nisitafutwe nyumbani kwa ajili hiyo. Mtoto wa miaka sita amekaa kwenye dawati mihula mitatu. Kinachomfaa sasa ni robo saa ya kusoma kwa siku, wakati ule ule kila siku, kisha aachwe acheze.

Kusoma nini, ikiwa nyumbani hakuna vitabu? Daftari ndizo vitabu. Kuna hadithi fupi tulizozitunga pamoja ubaoni na kila mtoto akaziandika, nazo ni rahisi kwake kwa sababu maneno yake ni ya darasani kwetu. Mtoto azisome kwa sauti, akifuatisha kwa kidole. Akikwama, msubiri kidogo kabla ya kumpa neno. Nimejipima mwenyewe na nikagundua kwamba nilikuwa nikimsubiri mtoto kwa muda usiozidi pumzi moja, nao hautoshi. Aanze na Kiswahili, ambacho huandikwa kinavyotamkwa, hivi kwamba mtoto mwenye silabi zake anaweza kusoma hata neno asilolijua maana. Kiingereza hakina huruma hiyo, na anayekwama katika Kiingereza huku akisoma Kiswahili vizuri amejifunza kusoma tayari. Kilichobaki ni kujifunza lugha.

Wengi wa watoto wetu watapelekwa kwa nyanya zao, huko Seme, Nyakach, Siaya na kwingineko, na wazazi huniambia kwa masikitiko kwamba dani, yaani nyanya, hajui kusoma, kwa hiyo mtoto atasahau yote. Mimi nasema dani huyo ni msaada mkubwa. Mtoto amsomee hadithi ya daftari kwa Kiswahili, kisha amweleze kwa Dholuo imesema nini. Kusoma bila kuelewa hakutapita mbele ya dani, kwa sababu atauliza, "Kisha?" na mtoto itambidi ajibu. Naye dani alipe deni kwa sigana, yaani hadithi za kale. Zamani watoto walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, wakasimuliwa habari za Apwoyo, yaani sungura, na za zimwi Apul Apul, na katika kusimuliwa huko walijifunza kukumbuka nani alitangulia, nani akafuata, na kwa nini. Hayo ndiyo ninayowauliza katika ufahamu. Kila Januari ninawatambua wale waliosimuliwa hadithi likizo nzima; hukaa wima nikianza kusoma, kwa sababu wanangoja zimwi.

Mwisho ni kurasa tupu. Karibu kila daftari inarudi nyumbani ikiwa na kurasa ambazo hazijaandikwa, na hizo ndizo ninazotaka zirudi kwangu zikiwa zimejaa. Kila siku mtoto aandike sentensi moja ya jambo aliloliona, si zaidi ya moja, na asisahihishwe na mtu. Akiandika "kuku ya dani imekufa", mwache; ngeli tutazishughulikia shuleni, na kuku amekwisha kufa. Mwaka jana mtoto mmoja aliniletea sentensi hamsini na tatu. Ya kwanza ilikuwa "Tumefika." Ya mwisho, iliyoandikwa usiku wa kuamkia shule, ilikuwa ndefu kuliko ukurasa mmoja na haikuwa na nukta hata moja, ikieleza jinsi mbuzi alivyokula shati la sare ikabidi lishonwe upya. Mbuzi alikuwa na z, na shati lilikuwa na sh.

Daftari za mwaka huu nimezifunga kwa uzi, za kila mtoto pamoja, na jina liko juu. Zitatolewa Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, na kila mzazi nitakaa naye kwa dakika kumi hivi, kwa hiyo naomba subira kwa wale watakaokuwa nyuma kwenye foleni. Asiyeweza kufika amtume mtu mzima, awe shangazi, jirani au kaka mkubwa wa sekondari. Sitampa mtoto azibebe peke yake, kwa sababu kati ya lango letu na njia ya Nyalenda nimehesabu wauza njugu watatu, nao wote ni rafiki zangu.